Je, Wajua? Kuhara Kunakopita na Ugonjwa Unaobaki

Je, wajua kwamba ugonjwa wa Crohn ulipata jina lake kwa sababu ya alfabeti? Mwaka 1932 madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walichapisha habari za wagonjwa 14 waliokuwa wamevimba mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoingia kwenye utumbo mpana. Majina yao yalipangwa kwa kufuata herufi: Crohn, Ginzburg, Oppenheimer. C ikatangulia, na jina likaganda. Daktari mpasuaji A. A. Berg, ambaye wengi wa wagonjwa hao walipita mikononi mwake, hakutaka kuwekwa miongoni mwa waandishi. Angekubali, huenda leo tungeuita ugonjwa wa Berg.

Lakini jambo zito katika taarifa ile ni lile ambalo hawakulipata. Wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wakihesabiwa kuwa na kifua kikuu cha utumbo. Madaktari wale walitafuta vijidudu vya TB katika nyama waliyoikata, wasivione. Ndipo likabaki swali ambalo watafiti wanalifukuzia mpaka leo: kama si TB, ni kidudu gani?

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu majina. Magonjwa ya kuvimba kwa utumbo, ambayo hospitalini hufupishwa IBD, ni mawili makubwa. Ugonjwa wa Crohn unaweza kushika mahali popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, nao hula ukuta wa utumbo mpaka ndani. Koliti ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana na huchubua ngozi yake ya ndani. Yote mawili huleta kuhara kwa wiki na miezi, damu na kamasi katika choo, maumivu, kukonda na uchovu. Hutulia, kisha hurudi. Mwaka 2017 ilikadiriwa kuwa watu milioni 6.8 duniani wanaishi nayo. Na wala si vile vidonda vya tumbo ambavyo kila mtaa una mtu anayevilalamikia. Hivyo viko juu, kwenye tumbo lenyewe la chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba.

Je, wajua kwamba mshukiwa wa kwanza alitoka zizini? Mwaka 1895 huko Dresden, Ujerumani, Heinrich Johne na Langdon Frothingham walichunguza utumbo wa ng'ombe aliyekuwa akiharisha na kudhoofika, wakaona vijidudu vinavyofanana na vya TB. Ugonjwa huo sasa unaitwa ugonjwa wa Johne, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaujua kwa hasara zake: ng'ombe anakula vizuri, hamu ya chakula haijapungua, lakini anaharisha tu, maziwa yanakauka, mbavu zinatokeza hadi anakufa.

Miaka 18 baadaye, mwaka 1913, mpasuaji wa Glasgow aitwaye Kennedy Dalziel alichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za wagonjwa ambao utumbo wao ulikuwa umevimba na kukakamaa. Hakupata TB. Ila alipotazama nyama ile kwa darubini, aliona kuwa inafanana mno na utumbo wa ng'ombe mwenye ugonjwa wa Johne, akauliza kama si ugonjwa mmoja. Ukimsoma Dalziel leo unaona wazi kuwa alikuwa akieleza kile ambacho Crohn na wenzake walikuja kukieleza miaka 19 baadaye. Mimi naona amenyimwa haki yake katika historia.

Kidudu cha ng'ombe kina jina refu, Mycobacterium avium paratuberculosis, kwa kifupi MAP, nacho ni kigumu kukikamata. Huchukua miezi kukiotesha maabara. Mwaka 1984 Rodrick Chiodini na wenzake huko Marekani walifanikiwa kukiotesha kutoka katika utumbo wa wagonjwa wa Crohn, na mjadala ukawaka upya. Kimeshaonekana kikiwa hai hata katika maziwa ya pakiti yaliyochemshwa kiwandani, Uingereza na Marekani. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kuwa MAP hupatikana zaidi kwa wenye Crohn kuliko kwa watu wengine.

Basi kwa nini kesi haijafungwa? Kwa sababu kukikuta kidudu mahali palipoumia hakuthibitishi kwamba ndicho kilichoumiza. Huenda utumbo uliokwisha kuvimba ndio uliokipa nafasi ya kuingia. Kulikuwa na njia moja ya kupima: kuwapa wagonjwa dawa za kukiua na kungoja. Waaustralia walifanya hivyo. Wagonjwa 213 waliingizwa kwenye jaribio. Baadhi walipewa mchanganyiko wa antibiotiki tatu kwa miaka miwili, wengine dawa bandia, juu ya matibabu ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Katika wiki 16 za kwanza waliopewa antibiotiki walikuwa na nafuu zaidi. Kadiri muda ulivyokwenda, tofauti ikayeyuka. Kama MAP ingekuwa ndiyo chanzo pekee, miaka miwili ya dawa ingeacha alama kubwa kuliko hiyo.

Tumaini la kukuta kidudu kimoja halikutoka hewani. Mawazo na pilipili ndivyo vilivyokuwa vikilaumiwa kwa kuleta vidonda vya tumbo mpaka Barry Marshall wa Australia alipokunywa bakteria wa Helicobacter pylori mwaka 1984 na kuugua tumbo. Yeye na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na leo vidonda hivyo vinatibiwa kwa antibiotiki. Kila mtafiti wa Crohn aliota kufanya vivyo hivyo. Na hapa kuna jambo la kushangaza: tafiti nyingi zimekuta kwamba wenye IBD wana Helicobacter pylori kwa uchache kuliko watu wengine. Kidudu kile kile kinachochimba vidonda tumboni kinaonekana kwenda sambamba na afya ya utumbo wa chini.

Je, wajua kwamba Denmark walihesabu, wakahesabu tena, na hesabu mbili zikatoa maana mbili? Nchi ile huweka kumbukumbu za kila mwananchi kwa namba yake, tangu kuzaliwa hadi kufa. Watafiti walichukua watu 13,148 waliokuwa wamethibitishwa maabara kuugua Salmonella au Campylobacter, vidudu viwili vya kuhara vinavyotokana sana na nyama na mayai yasiyoiva, wakawalinganisha na watu karibu maradufu ambao hawakuugua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa asilimia 1.2 ya waliougua walikuja kupatikana na IBD, dhidi ya asilimia 0.5 ya wengine. Hata ukiuondoa mwaka wa kwanza, hatari ilibaki karibu mara mbili.

Ushahidi ulionekana umekamilika. Lakini mwaka 2011 kundi jingine la Wadenmark liliuliza swali la busara: na wale waliopimwa choo wasikutwe na kidudu, wao ilikuwaje? Ikaonekana kuwa na wao walipatikana na IBD zaidi ya kawaida. Maana yake ni kwamba baadhi ya watu walikuwa tayari na IBD iliyojificha. Ndiyo iliyowapeleka kupima choo. Ukimulika tochi ghalani utaona panya waliokuwamo siku nyingi, wala si tochi iliyowaleta. Salmonella na Campylobacter hawajafutiwa mashtaka, kwa kuwa tafiti za nchi nyingine nazo zimeona kuwa maambukizi ya utumbo hutangulia IBD, lakini sehemu ya ule uzito ulitokana na namna ya kuhesabu.

Kuna pia matokeo ya kuhara ambayo watu huyachanganya na IBD. Mei 2000, mjini Walkerton, Ontario, Kanada, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima cha mji. Watu zaidi ya 2,300 waliugua kwa maji ya bomba, 7 wakafariki. Miaka minane baadaye bado walikuwapo waliosumbuliwa na tumbo: kuhara, kufunga choo, maumivu yasiyoisha. Wengi walikuwa na hali ambayo utumbo unafanya kazi vibaya ingawa kwa kamera unaonekana mzima, bila vidonda. Mateso hayo ni ya kweli, na mgonjwa asiambiwe anajifanya. Ila si IBD, na dawa zake ni tofauti.

Je, wajua kwamba choo chenyewe kimewahi kufanyiwa jaribio? Hili ndilo lililonishawishi mimi kuliko yote. Mgonjwa wa Crohn anapokatwa kipande cha utumbo kilichoharibika, kisha ncha mbili zikaunganishwa, mara nyingi vidonda hurudi, na hurudi pale pale juu ya mshono, ndani ya miezi. Madaktari wa Leuven, Ubelgiji, waliona mwaka 1991 kwamba kama yaliyomo ndani ya utumbo yakielekezwa nje kwa tundu la tumboni, yasipite kwenye mshono, mahali pale panabaki pazima. Mwaka 1998 wakasogea hatua moja. Kwa wagonjwa watatu ambao sehemu ya utumbo wao ilikuwa imepumzishwa hivyo, walichukua majimaji yaliyotoka kwenye tundu na kuyaingiza polepole katika sehemu iliyopumzika. Kwa siku nane tu, chembe za kinga zilianza kujazana katika ukuta wa utumbo uliokuwa umetulia.

Hakikuongezwa kidudu kigeni. Yalikuwa majimaji ya mgonjwa mwenyewe, pamoja na bakteria wake wa kila siku. Panya wa maabara wanasimulia habari ile ile. Panya waliozaliwa bila IL-10, kemikali ambayo mwili huitumia kutuliza kinga, huvimba utumbo. Lakini wakilelewa katika mazingira yasiyo na bakteria hata mmoja, utumbo wao hubaki mzima. Ukiwaletea bakteria wa kawaida, wale ambao panya mwingine huishi nao kwa amani, ugonjwa huanza. Ndiyo maana leo wataalamu wengi huamini kuwa katika IBD kinga ya mwili inapigana na wakazi wa kudumu wa utumbo, na maambukizi ya ghafla huweza kuwa ndiyo yaliyoanzisha ugomvi huo. Kidudu kilichoanzisha kinaweza kuwa kilishaondoka zamani wakati daktari anapoingiza kamera.

Kwa nini basi watu mia wanaweza kuugua kuhara kumoja, tisini na tisa wakapona na mmoja asipone? Mwaka 2001 iligunduliwa jeni ya kwanza ya Crohn, NOD2, ambayo kazi yake ni kutambua vipande vya ukuta wa bakteria. Tangu hapo sehemu zaidi ya 200 za urithi zimehusishwa na IBD, na nyingi zinagusa namna mwili unavyokabili vijidudu. Hata hivyo wengi wanaobeba kasoro ya NOD2 hawaugui kamwe.

Jaribio lililofungua macho lilifanywa St. Louis, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2010. Walikuwapo panya wenye kasoro katika jeni iitwayo ATG16L1, ambayo nayo imehusishwa na Crohn kwa binadamu. Katika chumba safi kabisa, panya hao hawakuwa na shida. Walipoambukizwa aina moja ya norovirusi ya panya, chembe maalumu za utumbo zinazotoa sumu ya kuua bakteria zikaharibika, kwa sura ile ile inayoonekana kwa baadhi ya wagonjwa wa Crohn. Kisha wakipewa kemikali ya kuchubua utumbo, waliumia kwa namna inayofanana na Crohn. Na wakipewa antibiotiki za kuua bakteria wao wa kawaida, hawakuumia vile. Yaani ilihitajika jeni, virusi, mchubuko na bakteria, vyote pamoja. Ukiondoa kimoja tu, ugonjwa ule haukutokea. Ukikumbuka hilo, utaelewa kwa nini kumtafuta mkosaji mmoja kumechosha vizazi vitatu vya watafiti.

Je, wajua kwamba kuvimba kidole tumbo utotoni kunaweza kukinga? Sweden walifuatilia watu wapatao 213,000 waliokatwa kidole tumbo. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kuwa waliofanyiwa hivyo kwa sababu kilikuwa kimevimba kweli, kabla ya umri wa miaka 20, walipata koliti ya vidonda kwa uchache baadaye. Waliokatwa kidole tumbo kisichokuwa na ugonjwa, kwa sababu ya maumivu yasiyoeleweka, hawakupata kinga hiyo.

Hapo ndipo wazo la upande wa pili linapoingia: huenda shida ya nchi tajiri ni uchache wa vidudu vya utotoni. Hugh Trowell na Denis Burkitt, madaktari waliofanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, waliiweka koliti ya vidonda katika magonjwa yaliyokuwa adimu mno kwa Waafrika waliowatibu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na wengi walihamia Leicester, Uingereza, wakaungana na jamii ya Wahindi iliyokuwapo. Madaktari wa Leicester walipohesabu miaka iliyofuata, waliona kuwa watu wenye asili ya Bara Hindi wanapata koliti ya vidonda zaidi ya Wazungu wa mji ule ule. Urithi wa mtu haubadiliki kwa kupanda ndege. Kilichobadilika ni chakula, maji, dawa, na vidudu wanavyokutana navyo watoto.

Joel Weinstock na wenzake wa Iowa walilichukua wazo hilo kwa ujasiri, wakawanywesha wagonjwa mayai ya minyoo ya nguruwe ambayo haikai kwa binadamu. Katika jaribio la mwaka 2005 la wagonjwa 54 wa koliti ya vidonda, asilimia 43.3 ya waliopewa mayai walipata nafuu, dhidi ya asilimia 16.7 ya waliopewa dawa bandia. Jaribio kubwa zaidi kwa wagonjwa wa Crohn halikuonyesha faida. Kwa hiyo mzazi asiache kumpa mwanawe dawa ya minyoo kwa kusoma habari hizi. Minyoo ya huku kwetu inanyonya damu za watoto na kuwadumaza, na hilo halina mjadala.

Vivyo hivyo kuhusu surua. Miaka ya 1990 kundi la Andrew Wakefield huko London lilidai kuwa virusi vya surua, na hata chanjo yake, vinahusika na IBD. Wengine walipochunguza hawakuona uhusiano huo. Makala yake ya mwaka 1998, iliyounganisha chanjo na maradhi ya utumbo na usonji, ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010. Chanjo ya surua haileti ugonjwa wa utumbo. Surua yenyewe inaua watoto.

Sasa nyumbani. Je, wajua kwamba kwa mgonjwa wa Dar es Salaam, Kisumu au Bujumbura, swali la Mount Sinai la mwaka 1932 ni la leo asubuhi? TB ya utumbo na Crohn hushika mahali pale pale, mwisho wa utumbo mwembamba, huleta homa zile zile na kukonda kule kule, na hata chini ya darubini huweza kudanganya. Amiba huchimba vidonda vinavyofanana na koliti. Kichocho cha utumbo, kilichojaa pembezoni mwa Ziwa Victoria, nacho huleta damu kwenye choo.

Kukosea hapa ni hatari kwa pande zote mbili. IBD hutulizwa na dawa zinazopunguza kinga, kama steroidi. Ukimpa steroidi mwenye amiba, utumbo unaweza kutoboka. Ukimpa mwenye TB, ugonjwa unasambaa. Infliximab, dawa iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya Crohn mwaka 1998, ilifungua macho ya dunia: mwaka 2001 iliripotiwa kuwa watu 70 walikuwa wamepata TB baada ya kuanza kuitumia, mara nyingi TB iliyokuwa imelala mwilini. Ndiyo sababu hupimwi tumbo tu kabla ya dawa hizo. Unapimwa na TB. Mahali penye TB nyingi, daktari akishindwa kutofautisha huanza na dawa za TB kwa miezi michache, kisha hurudia kamera aone kama vidonda vinafunga.

Upande wa pili hausemwi sana, nao unaniuma. Yuko mtu anayeharisha damu kwa mwaka mzima, na kila akienda duka la dawa anapewa metronidazoli ile ile, ya amiba, bila choo chake kupimwa hata mara moja. Anapata nafuu kidogo, anarudi pale pale. Kwa kuwa tumezoea kuambiwa kuwa IBD ni ugonjwa wa Wazungu, haulizwi. Lakini wagonjwa wapo, na wanazidi kuonekana kila kamera zinapoongezeka hospitalini.

Ndugu msomaji, kuhara damu si jambo la kungojea, na kuhara kwa kawaida kukipita wiki nne, au ukikonda bila sababu, au ukiamshwa usiku na haja, usinunue tena dawa ile ile. Nenda upimwe choo, upimwe TB, na majibu yakiwa safi huku damu ingalipo, omba rufaa ya kupimwa kwa kamera na kukatwa kipande kidogo cha utumbo kichunguzwe. Mwambie daktari lini kuharisha kulianza, ulitoka kula au kunywa nini, na dawa zipi umeshameza. Habari hizo ndizo atakazozihitaji kwanza.